Kioo Chenye Maziwa

Katika korido ya maabara ile kulikuwa na benchi la mbao ambalo halikuwa na kazi. Liliwekwa zamani kwa ajili ya wagonjwa, lakini wagonjwa hawaji kwenye maabara ya kupima vinyama vilivyokatwa miilini. Huja vinyama vyao tu, vikielea kwenye vichupa vya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, na wenyewe hubaki majumbani wakihesabu siku. Kwa hiyo asubuhi ile daktari alipotoka ofisini kwake kwenda kutafuta chai na kumkuta mwanamke kijana ameketi pale, mtandio umemwangukia begani, ananyonyesha mtoto, alisita kama mtu aliyekosea jengo.

Mtoto alinyonya kwa bidii zake zote, jasho jembamba likimtoka puani. Mama yake hakuwa akimtazama. Alikuwa ameukazia macho ukuta wa mbele, na machozi yakimteremka bila sauti. Kila yalipofika kidevuni aliyafuta upesi kwa ncha ya mtandio yasije yakamdondokea mtoto.

Wafanyakazi wa maabara walimwita daktari huyu Mama Vioo, kwa sababu ya vile vioo vyembamba ambavyo juu yake hubandikwa vipande vya nyama laini kuliko utando wa kitunguu. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa imepita ameinamia hadubini. Aliichagua kazi hiyo mwenyewe tangu ujanani, alipogundua kwamba hakuwa na ulimi wa kutoa habari mbaya. Alikuwa akiyazungusha maneno mpaka mgonjwa anatoka chumbani akimshukuru, akidhani ameambiwa amepona. Nyuma ya hadubini hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Kioo hakilii, wala hakikuulizi kitaishi mpaka lini.

Angeweza kupita. Chai ilikuwa inamngoja. Lakini yale machozi yaliyofutwa kwa adabu kiasi kile yalimzuia miguu.

"Mwanangu, umehudumiwa?"

"Nasubiri nakala ya majibu yangu, mama," alijibu yule mwanamke, akajifunika vizuri. "Ya kwanza yamepotea kule wodini, na daktari wa upasuaji anayataka kabla ya kesho kutwa."

"Kesho kutwa kuna nini?"

"Ananitoa titi." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya kwenda sokoni. Kisha akamwinamia mtoto. "Nimeambiwa leo nimwachishe. Mama mkwe anakuja kumchukua jioni. Nikasema basi, nimpe hapa hapa, ashibe kabisa."

Mama Vioo alitikisa kichwa. Alitafuta neno la kumfariji, akalikosa kama kawaida yake, akaishia kuuliza swali la kidaktari.

"Unamnyonyesha matiti yote mawili?"

"Yote. Tena hili lenye uvimbe ndilo analolipenda zaidi. Lina maziwa mpaka yananilowesha nguo. Hata siku ile mlipokata kinyama, nilipolala tu pale kitandani yakaanza kutoka yenyewe. Niliona aibu, mama, lakini sista akacheka akaniambia, mwache mwanao abembelezwe huko nje, chakula chake kiko tayari."

Mama Vioo alicheka naye kidogo. Halafu kicheko kikamkauka. Kitu kilikuwa kimemgusa nyuma ya akili, mguso mdogo kama wa uzi wa buibui usoni.

Hakwenda kunywa chai.

*

Fundi wa maabara alikuwa mwanamume mrefu, mpole, ambaye aliongea na mashine ya kukatia nta iliyogandishiwa vinyama kama watu wengine wanavyoongea na wake zao, kwa kubembeleza. Mama Vioo alimkuta katikati ya maongezi hayo, akamwomba kioo cha yule mwanamke aliyeko koridoni. Alikipachika kwenye hadubini akaketi.

Nyuso za watu zilikuwa zinamtoka kichwani, lakini vioo alivikumbuka. Hiki alikikumbuka. Saratani ilikuwepo, dhahiri, wala haikuhitaji mjadala. Ila safari hii hakuitazama saratani. Alisogeza kioo taratibu mpaka pembeni, kwenye nyama nzima iliyokatwa pamoja na uvimbe, mahali ambapo jicho lenye haraka hupita bila kubisha hodi. Huko tezi zilikuwa zimenywea, chache, zimetawanyika kwenye mafuta kama nyumba za kijiji kilichohamwa. Vijishipa vya damu vilikuwa vimeota chokaa kutani. Lilikuwa titi lililokwisha kumaliza kulea, likapumzika kwa miaka mingi.

Hapakuwa na tone la maziwa.

Alikichomoa kioo akasoma namba yake tena. Kwa sababu maziwa aliyakumbuka pia. Aliyaona siku ile ile, kwenye kioo kingine.

"Nitolee vioo vyote vilivyokuja kutoka kliniki ya matiti siku ile," alimwambia fundi.

"Kuna tatizo, Daktari?"

"Naomba Mungu lisiwepo."

Vilikuwa viwili tu. Alipokiweka cha pili chini ya lenzi, tezi zilimjaa machoni: zimevimba, zimepanuka, zimesongamana, kila moja ina shimo lililofurika maziwa. Juu ya majibu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ni uvimbe wa kawaida wa titi linalonyonyesha, na chini akamalizia: hakuna saratani. Aliinua simu akapiga kliniki, akamwuliza muuguzi juu ya mgonjwa huyo wa pili, alikuwa mtu wa umri gani.

"Yule? Si yule bibi, mwalimu mstaafu," sauti ya muuguzi ilikuwa na uchangamfu. "Ana wajukuu wakubwa, mmoja yuko chuo. Alituchekesha sana. Kwani vipi, Daktari?"

Mama Vioo alimwambia atakwenda huko mchana, akakata simu. Macho yake yalikuwa yameangukia karatasi mbili zilizokuja na vichupa, pale panapoulizwa umri. Zote mbili zilikuwa zimejazwa kama zinavyojazwa karatasi nyingi: *mtu mzima*. Hapo mwanzo alikuwa akipiga simu kuuliza, mtu mzima wa miaka mingapi? Kisha akachoka kuuliza. Na huko kliniki aliyempigia Mwalimu simu kumpa majibu alisoma mstari wa mwisho, kama watu wote wanavyosoma mstari wa mwisho, akamwambia ashangilie.

Kwanza walikagua humo humo maabara. Yeye na fundi walivishusha vichupa kutoka rafuni, vikiwa bado na mabaki ya nyama, wakalinganisha namba ya kichupa na ya kipande cha nta, ya nta na ya kioo, mmoja anasoma na mwingine anaitikia. Kila kitu kilikubaliana. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa limeingia mlangoni likiwa tayari limevaa nguo za mwenzake.

Halafu akampigia daktari wa upasuaji.

"Mama, chumba cha upasuaji nimekipata kwa mbinde," alilalamika yule. "Ukisema tuahirishe, nirudi lini? Ulisaini mwenyewe kwamba ni saratani."

"Nilisaini. Ni saratani. Ninachokuambia ni kwamba nadhani si ya huyu."

Upande wa pili karatasi zilisikika zikipekuliwa.

"Nakusikia," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Nitamtoa kwenye orodha. Mlete kesho nimkate kinyama upya. Na huyo mwingine mtafute."

*

Alirudi koridoni. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, amelewa shibe. Mama Vioo aliketi kwenye benchi, kando ya mwanamke yule, akajihisi mgeni kwenye jengo lake mwenyewe.

"Mwanangu, usimwachishe mtoto leo."

Yule mwanamke alimgeukia.

"Nina shaka na majibu yako. Nadhani kinyama tulichokipima si chako. Sijathibitisha, sitaki kukupa tumaini ambalo halijaiva. Lakini kesho kutwa hukatwi, na leo mtoto abaki na wewe."

Alitegemea furaha. Badala yake uso wa yule mama kijana ulikunjamana.

"Mama, unanichezea?" Aliongea kwa kunong'ona ili asimwamshe mtoto. "Mimi nimeshaaga. Nimemwonyesha mama mkwe nguo za mtoto zinakaa wapi, na nyimbo anazolalia. Mume wangu amelia mpaka amemaliza. Sasa niende nikawaambie nini? Labda?"

"Ndiyo," alisema Mama Vioo. "Waambie labda. Na kesho njoo mapema, mimi nitakuwepo pale kitandani."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Yalimtoka tu, kisha yakawa ahadi.

*

Mchana alikwenda kliniki. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi, alishaanza kunusa hatari na alimpokea akiwa amekaza mabega. Mama Vioo hakumwuliza nani alifanya nini. Alimwomba amwonyeshe tu, hatua kwa hatua, siku za kliniki zinakwendaje.

Muuguzi alitandika kitambaa juu ya meza. Aliweka vichupa viwili, "kwa sababu daktari hana subira, akimaliza huyu anataka wa pili awe tayari." Alivifungua vyote viwili. Alichukua lebo, akaandika, akaibandika juu ya kifuniko.

"Kwa nini kwenye kifuniko, Sista?"

"Kwenye kichupa fomalini inalowanisha, gundi inaachia. Kwenye kifuniko haibanduki."

Alikiweka kifuniko cha kwanza mezani, akaandika lebo ya pili, akakiweka kifuniko cha pili kando ya cha kwanza. Akageuka kana kwamba anapokea kinyama kutoka kwa daktari, akakitia kwenye kichupa, akanyosha mkono kuchukua kifuniko.

Mkono ukabaki hewani.

Vifuniko vilikuwa viwili, vinafanana, na vichupa vilikuwa viwili, vimenyamaza, havina jina. Muuguzi alivitazama kwa muda. Kisha akaketi juu ya kitanda cha wagonjwa.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Yule binti na yule Mwalimu."

Mama Vioo alikaa kando yake. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo anakaa karibu na mtu bila kujua la kusema, na alianza kuona kwamba labda si lazima kusema. Baada ya kitambo alichukua kalamu isiyofutika kutoka mfukoni, akaandika jina lake mwenyewe kwenye ubavu wa kichupa, akakitumbukiza kwenye beseni la maji, akakitoa. Jina lilikuwa pale pale.

"Hapa, tumboni mwake," alisema. "Kichupa kimoja mezani, cha pili kabatini. Na mgonjwa mwenyewe asome jina lake kabla hujafunga. Na mimi, Sista, karatasi isiyo na umri sitaisaini tena."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, huku akifuta macho kwa mgongo wa mkono.

*

Kwa Mwalimu alikwenda mwenyewe. Muuguzi alijitolea kupiga simu, daktari wa upasuaji alijitolea pia, lakini Mama Vioo alikuwa akimwaza mtu yule akipokea habari kwa simu kwa mara ya pili, na alikataa.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene kiasi, mwenye nywele nyeupe zilizonyolewa chini na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Sebuleni kulikuwa na sanduku la safari, liko wazi juu ya kochi, limejaa nguo za mtoto mchanga zilizofumwa kwa mkono.

"Karibu, pita, usijali fujo. Nakwenda kwa binti yangu, amejifungua," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nimeahirisha kwa sababu ya hili titi. Walipopiga simu kwamba niko salama, nilikata tiketi siku hiyo hiyo."

Ulimi wa Mama Vioo ulikuwa mzito. Njia za kuzunguka aliziona zote, zimejipanga mbele yake, pana na zimenyooka. Alipiga moyo konde.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyepima kinyama chako. Majibu uliyopewa huenda ni ya mtu mwingine. Na ya kwako huenda yana saratani."

Mwalimu alilikunja gauni dogo alilokuwa amelishika, akaliweka sandukuni, akalilaza vizuri kwa viganja.

"Umesema huenda mara mbili," alisema bila kugeuka. "Unajua au hujui?"

"Najua. Tunahitaji kukata kinyama kingine ili kuthibitisha, lakini najua."

"Basi sema unajua. Mtu asimame juu ya kitu kigumu." Aliketi pembeni ya sanduku. Nje, mumewe alikuwa akimwagilia mboga na kuimba, sauti yake inaingia dirishani ikipotea na kurudi. Mwalimu aliisikiliza. "Ni yule binti mwenye mtoto, sivyo? Tulikaa benchi moja pale kliniki. Alipoingia yeye, mimi nilimshikia mtoto, akaninyonya kidole mpaka kikakunjamana."

"Siruhusiwi kukuambia ni nani."

"Usiniambie. Ila hujui kuficha uso, Daktari." Alipumua kwa nguvu. "Kwa hiyo yeye ni mzima."

"Inaelekea hivyo."

"Na mimi nimekaa wiki zote hizi nacheka na majirani." Hapo sauti ilimpanda, akaikalia mikono yake, kama anavyokalia mtu barua isipeperuke. "Usidhani kwamba sina hasira. Ninayo, nyingi. Nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi, na mtoto aliyeandika jina kwenye daftari la mwenzake nilimchapa kwa maneno mpaka akakoma. Hizi wiki zimenigharimu nini?"

"Sijui," alisema Mama Vioo.

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kumpa mgonjwa, na lilimwuma kulitoa. Mwalimu alimkagua juu ya miwani yake, kwa muda, kama anayetafuta kosa kwenye insha. Kisha mabega yake yakalegea.

"Angalau umekuja kwa miguu yako," alisema. "Sasa nisaidie kumwita yule mzee. Akiniona nalia peke yangu atadhani ni kwa sababu ya safari."

*

Vinyama vipya vilikatwa kila kimoja kwa wakati wake, na kila mwenye nacho alisoma jina lake kwa sauti kabla kifuniko hakijafungwa. Mama Vioo alisimama kando ya kitanda mara zote mbili. Yule mama kijana alipopewa majibu yake, karatasi iliyosema uvimbe ungeisha wenyewe mtoto akiacha kunyonya, aliisoma mara nyingi, akaikunja, akauliza kitu kimoja tu: yule mwenzake atalazwa wodi gani? Wakati Mwalimu amelazwa, wauguzi walizoea kumwona mtoto mdogo akitambaa juu ya shuka za hospitali, kinyume na sheria, na hakuna aliyeisikia sheria hiyo ikitajwa.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji. Tezi za kwapani, ambako saratani ya titi hukimbilia kwanza, Mama Vioo alizipima mwenyewe, moja baada ya moja. Zilikuwa safi, isipokuwa moja.

Alipopata nafuu, Mwalimu alikuja maabara kwa teksi, mkono mmoja bado umefungwa, akasema anataka kuona. Fundi alimtazama Mama Vioo. Mama Vioo aliondoa kiti chake, akasogeza cha Mwalimu mbele ya hadubini, akamshushia lenzi.

Mwalimu alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ina rangi nzuri," alisema. "Kama maua."

"Rangi tunatia sisi, ili ionekane."

"Hata hivyo." Hakuondoa jicho. "Na hii ndiyo ile tezi moja?"

"Ndiyo yenyewe."

"Saratani iliifikia lini? Kabla ya simu ile ya kuniambia niko salama, au baada?"

Mama Vioo alikuwa amejiuliza swali hilo kila asubuhi alipokuwa akipanda ngazi za jengo lile. "Kioo hakina siku, Mwalimu. Kinaonyesha kilichopo tu."

Mwalimu aliguna, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alitabasamu, tabasamu la pembeni, la mtu anayemtega mwanafunzi anayempenda.

"Na una hakika ni changu?"

Mama Vioo hakucheka. Alikichomoa kioo kutoka chini ya lenzi, akakifuta kingo kwa kitambaa, akakilaza kwenye kiganja cha mkono mzima wa Mwalimu. Mwalimu alivaa miwani, akasogea dirishani kwenye mwanga, akakiinua karibu na macho. Kisha akaanza kusoma maandishi ya pembeni mwa kioo kwa sauti ile ya darasani, wazi, bila haraka: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, na namba zilizofuata, tarakimu moja moja. Fundi alisimamisha mashine yake kusikiliza.

Alipofika mwisho hakukirudisha. Aliendelea kukishika pale dirishani, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika kitu chepesi mno ambacho hajui akiweke wapi.